Mbio za ramani kwa timu, kifundo cha mwenzenu kikiwa hakijapona sawasawa

Kwenye rogeini, yaani mbio za timu za kukusanya pointi kwa ramani na dira, mwenye jeraha ndiye anayepanga mwendo. Kanuni zinataka timu ya watu 2 hadi 5 wakae karibu kiasi cha kusikilizana bila simu, na wote wafike kwenye kila kituo, yaani kila sehemu yenye pointi iliyowekwa alama kwenye ramani. Hakuna kumtanguliza mwenye mbio huku mwingine akisubiri kivulini.

Jeraha tunalolizungumzia ni kifundo cha mguu kilichoteguka upande wa nje. Kabla ya kujiandikisha, mhusika awe anatembea bila kuchechemea na anaweza kuruka kwa mguu huo peke yake mara 10 pasipo maumivu makali. Akishindwa, asikimbie. Na kama hawezi kukanyaga hata hatua 4, au akibonyezwa kwenye mfupa wa kifundo, kwa nyuma au nchani, anaumia, huyo anahitaji eksirei kwanza.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo timu nyingi zinaharibu. Chukueni mbio za saa 3 na ramani ya 1:10,000, ambapo sentimita 1 ni mita 100. Kadirieni kilomita moja kwa dakika 12. Kwenye dakika 180 toeni 24 za akiba. Zinabaki 156, sawa na kilomita 13. Njia za msituni hazinyooki, kwa hiyo gawanyeni kwa 1.3: kilomita 10 za mstari ulionyooka. Kateni uzi wa sentimita 100, muupitishe juu ya ramani kituo kwa kituo. Uzi ukiisha, vituo vilivyobaki visahauni, hata kama vina pointi nono. Kanuni za kawaida zinakata pointi 10 kwa kila dakika ya kuchelewa, na mkipitisha nusu saa matokeo yote yanafutwa.

Uzi lakini hauoni milima. Kontua, yaani mistari ya mwinuko kwenye ramani, zikikaribiana, mteremko ni mkali: pangeni kupanda hapo na kushukia upande zilikoachana, kwa sababu kifundo kibovu huteguka zaidi kwenye kushuka. Milima ya Pugu, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, ina mizizi iliyofunikwa na majani makavu, na udongo wake mweupe wa kaolini huteleza vibaya mvua ikinyesha. Kwa mazoezi, kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafaa zaidi: kuna vilima vya kutosha, na barabara iko karibu mambo yakiharibika.

Watu hupenda kumpa majeruhi ramani, wakiona kwamba miguu yake haina kazi nyingi. Sikubaliani nao kabisa. Anayesoma ramani huku anatembea haangalii anapokanyaga. Mpeni saa na hesabu ya pointi, akae wa pili kwenye mstari, akanyage alipokanyaga wa mbele.

Plasta ya kushikilia kifundo ifungwe nyumbani, asubuhi, ngozi ikiwa kavu na bila mafuta. Kwa joto la Dar, ukisubiri mpaka umeanza kutoka jasho haishiki. Tumia plasta ngumu ya michezo, ile isiyovutika, upana wa sentimita 3.8 hivi. Nyayo ikae pembe ya digrii 90. Zungusha kipande cha kushikizia juu ya kifundo, kisha vipande 3 vinavyoanzia upande wa ndani, vinapita chini ya kisigino na kuvutwa juu upande wa nje. Ukivuta kinyume chake unaupindisha mguu kuelekea ndani, kulekule ulikoteguka. Malizia kwa umbo la nane. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu huo: rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, umekaza mno, fungua. Bebeni roli nyingine kwenye mfuko wa nailoni.

Dawa za maumivu kabla ya mbio, hapana. Zinaficha ishara mnayoitegemea, na ibuprofeni au diklofenaki kwa mtu aliyepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Bebeni maji na pakiti za ORS.

Mkubaliane mapema: akianza kuchechemea, mnaacha, na uamuzi ni wake peke yake, hapigiwi kura. Kabla ya kuanza, wekeni alama kwenye ramani kila mahali bodaboda inapofika. Mkiacha mbio kabla ya kumaliza, pitieni kwanza kwa waandaaji mtoe taarifa. Timu isiyoripoti itatafutwa msituni hadi usiku, na watu wengine watateguka vifundo wakiitafuta.