Cha juu, dogo wangu na maneno mawili ya Luka

Nilikuwa nimelala chini ya gari langu mwenyewe, mgongo kwenye boksi lililofunuliwa, gereji ya Tabata Dampo, jua la saa nane. Dogo ninayemfundisha kazi nilikuwa nimemtuma Shaurimoyo, Ilala, akaninunulie plagi nne. Alirudi na risiti ya mkono: 60,000. Nikaipokea, nikaitia mfukoni. Jioni nilimpigia muuzaji kwa shida nyingine kabisa, habari ya bushi za Noah ya mteja, na katika maongezi akanitajia kwamba plagi zile alizitoa kwa 40,000.

Nilimwita dogo pembeni, chini ya mwarobaini tunapowekea makopo ya oili chafu. Nilitegemea ataomba msamaha. Hakuomba. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, akasema, "Fundi, si ndivyo kazi inavyokwenda?"

Nilikosa la kumjibu. Kusema kweli niliona aibu mimi, si yeye.

Kila mwenye gari Dar anajua cha juu kipo, ile pesa fundi anayoongeza juu ya bei halisi ya spea, ila wengi hawajui kinazaliwa wapi. Mteja analeta IST inagonga mbele kwa sababu ya mashimo ya Kinyerezi baada ya masika. Ukimwambia shokapu mbili ni 140,000, hatabisha sana, kwa maana ile ni bidhaa, inaonekana, inashikika. Ukimwambia ufundi ni 50,000 atapiga kelele gereji nzima isikie: kufungua nati tu? Basi ufundi unautaja 20,000, naye anakuona muungwana, halafu shokapu unazitaja 200,000. Mshahara wako umeuficha ndani ya spea. Muuzaji anakuandikia risiti unayoitaka bila hata kuinua macho. Miaka 11 nimeishi hivyo, na Jumapili nilikuwa natoa fungu la kumi la pesa hiyohiyo, tena kwa bahasha yenye jina langu.

Ningependa kusema nilitubu usiku ule. Sikutubu. Nilimkata dogo 20,000 kwenye posho yake ya wiki, nikaona kesi imeisha.

Iliyonishika ni ibada ya jumuiya, Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumbani kwa jirani, tumekaa kwenye viti vya plastiki na watoto wanapita na ndoo za maji. Somo lilikuwa Luka 9:23. Mwinjilisti wetu hana maneno mengi, na siku hiyo alituambia kitu kimoja tu nilichokibeba. Alisema tufungue Mathayo 16:24, kisha Marko 8:34, tusome mwito uleule wa Yesu: mtu ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, amfuate. Halafu turudi kwa Luka tuone kilichozidi. Kimezidi "kila siku". Luka peke yake ndiye aliyeandika hivyo. Mwinjilisti akafunga Biblia, akaomba, tukanywa chai.

Mimi nilibaki na neno jingine ambalo yeye hakulitaja hata kidogo: mwanafunzi. Petro, Yohana na Mathayo mtoza ushuru, Biblia yetu inawaita wanafunzi. Na gereji nako, ukiulizwa yule kijana mwenye ovaroli kubwa kuliko mwili ni nani, unajibu, huyo mwanafunzi wangu. Sikuwahi kumkalisha dogo darasani nikamwambia leo tunasoma cha juu. Alikuwa ananishikia tochi tu. Nikiongea na mteja kwenye simu, yeye ameshika tochi. Nikimkonyeza muuzaji, yeye amebeba boksi la spea nyuma yangu. Mwanafunzi wa ufundi hajifunzi kwa maelezo, anaangalia mikono. Basi nikajiuliza, miaka yote hii mimi nimeangalia mikono ya nani?

Jumatatu nilianza, nikaanza vibaya. Mteja wa kwanza nilimwambia bei halisi ya spea na bei halisi ya ufundi. Akaenda gereji ya jirani, ambako jumla yake, nina hakika, ilikuwa kubwa kuliko yangu. Wa pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu nilirudi nyuma: nikaongeza 15,000 kwenye pedi za breki za mama mmoja, mkono ukaandika kabla kichwa hakijaamua. Hapo nikaelewa kwamba kuamua hakutoshi. Pesa ikipita mkononi mwangu, mkono una mazoea yake. Dawa ni pesa isipite.

Nikaomba wauzaji wangu watatu wa Ilala wanipe lipa namba zao, zile namba za kulipia dukani kwa simu. Mteja sasa anazungumza na muuzaji mwenyewe kwa simu, anatajiwa bei, analipa moja kwa moja, risiti inatoka kwa jina lake. Mimi nafuata mzigo tu. Ufundi unaandikwa kando kwenye daftari, na unatajwa kabla boneti haijafunguliwa. Ndani ya mfuniko wa sanduku la spana niliandika kwa chaki, Lk 9:23. Grisi inaifuta kila baada ya siku mbili tatu, naiandika tena. Hilo tu ndilo zoezi langu la kiroho lililodumu. Kuamka saa 10 usiku kuomba nilijaribu mara nyingi, nikawa nasinzia juu ya Zaburi.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu mno, na hapa sitapamba. Kodi ya nyumba ya miezi sita ilikuwa inakaribia. Mke wangu aliongeza debe la vitumbua asubuhi. Usiku mmoja aliniuliza, "Baba Neema, huo uaminifu wako una tarehe ya mwisho?" Hakuwa anadhihaki, alikuwa amechoka. Tulisali Baba Yetu, na tulipofika "utupe leo riziki yetu" mimi nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuiomba bila kuwa na cha juu cha kesho kimejificha nyuma ya ulimi. Kodi tulilipa kwa kukopa kwa shemeji. Deni hilo lilimalizika baada ya mwaka.

Kuhusu Zakayo. Luka 19 inasema huyo mkuu wa watoza ushuru aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mimi mara moja tu ingenifilisi. Niliandika majina ya wateja niliowakumbuka vizuri, wakafika wanane, nikaanza na mwalimu mstaafu wa Segerea aliyekuwa akiniamini kuliko wote. Nilimpelekea 60,000 nyumbani kwake. Nilidhani atalia au atanibariki. Alizihesabu, akauliza, "Kwa hiyo kwenye ile injini ulinipiga kiasi gani?" Nikamwambia. Tangu siku ile gari lake hajalileta tena, na ana haki yake. Waliofuata niliwapa ufundi wa bure, nikiwaeleza sababu. Wawili bado sijawaona.

Kuna jambo ambalo halijakaa sawa hadi leo. Mwisho wa mwezi muuzaji mmoja hunipa kamisheni kutoka kwenye faida yake, kwa kumletea wateja. Bei ya mteja haibadiliki. Nililipeleka jumuiya, mzee wa kanisa mmoja akasema ni halali kabisa, mwingine akanikumbusha maneno ya Yohana Mbatizaji kwa watoza ushuru katika Luka 3, kwamba wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Walibishana hadi chai ikapoa. Mimi naipokea na kumwambia kila mteja kwamba naipokea. Wengine hucheka. Mmoja aliniambia niache kumchosha, nifunge nati.

Wateja wamerudi taratibu, hasa madereva wa teksi za mtandaoni wanaohesabu kila shilingi, maana wao wanapenda kusikia bei wenyewe kutoka dukani. Hawarudi kwa sababu mimi ni mtakatifu. Wanajua tu kwamba jumla ni ndogo.

Na dogo? Ile 20,000 niliyomkata nilimrudishia, nikamwambia mbele ya mafundi wenzake kwamba nilimwadhibu kwa somo nililomfundisha mimi. Aliinamisha kichwa, sikujua kama amenielewa au amenionea huruma. Sasa anafunga gia boksi peke yake. Wiki iliyopita nilikuwa na homa, akapokea Passo ya mteja mgeni asiye na pesa kwenye simu, mwenye noti mkononi. Akachukua noti, akapanda daladala, akashuka Ilala akanunua, akarudi akafunga. Jioni alinipigia kunieleza hesabu: spea kiasi hiki, ufundi kiasi hiki, chenji amempa mteja.

Namba ya muuzaji ninayo. Sijampigia.