Ukuta wa mwenye nyumba, godoro langu

Mwaka wa pili sasa tangu maji ya Mto Mirongo yaingie chumbani kwangu Mabatini, hapa Mwanza, na hadi leo nikivuta droo ya cherehani nasikia mchanga unakwaruza. Nimeufuta kwa kitambaa, nimeupuliza kwa mdomo, nimemwita fundi. Upo tu.

Ilikuwa usiku, mvua za vuli. Kilichoniamsha ni ndala zangu, zilikuwa zinaelea na kugonga mguu wa kitanda. Kunapambazuka maji yamefika magotini, friji limelala kifudifudi, na mfuko wa vitenge vya sare za harusi umechuja hadi umekuwa uji wa rangi tatu. Friji ni langu, sawa. Vitenge vilikuwa vya mama wa bibi harusi kule Buzuruga, nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Mpaka leo akipita mbele ya kibaraza changu namwamkia mimi kwanza, ingawa tunalingana umri.

Wiki chache baadaye mafundi wakaja kupiga lipu upya na kubadilisha milango iliyovimba. Nikamshukuru mzee mwenye nyumba kwa moyo wake. Akacheka. "Mwanangu, hiyo hela siyo yangu. Nyumba hii niliijenga kwa mkopo, na benki ikanilazimisha nikate bima."

"Na vitu vyangu je, mzee?"

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kusamehe kodi ya miezi sita. Bima yake ni ya kuta, bati na milango. Godoro langu halimo, na wala asingeweza kuliingiza, maana siyo mali yake. Basi ukuta ukalipwa, godoro nikalitupa.

Nimehama, ila sikwenda mbali. Nimepanda juu ya mawe, Mabatini hiyohiyo, vyumba viwili vya kodi ya laki na nusu kwa mwezi. Bodaboda anakuacha chini, unamalizia kwa miguu na ndoo kichwani. Safari hii nikaapa lazima vitu vyangu navyo vikatiwe bima, na kwa kuwa wateja wananiuliza niliichaguaje, naandika hapa mara moja niache kurudia nikiwa na pini mdomoni.

Wakala wa kwanza alikuja na karatasi ya rangi nzuri na kuniuliza, "Mama, vitu vyako vyote vina thamani gani?" Nikajibu kichwakichwa: milioni tatu. Akataka kuandika. Bahati nzuri kalamu yake iligoma. Usiku ule nikachukua daftari la vipimo vya wateja nikaanza kuandika chumba kwa chumba: kitanda, magodoro mawili, friji, televisheni, jiko la gesi na mtungi wake, makabati, nguo za watoto, masufuria yale ambayo huyahesabu mpaka yakupotee. Kila kimoja kwa bei ya kukinunua leo dukani. Ikafika milioni sita, na cherehani bado sijazigusa.

Hapo ndipo nilipojua ile milioni tatu ingenigharimu nini. Ukiwa na mali ya 6,000,000 ukaandikisha 3,000,000, kampuni inakuhesabu kuwa umekatia bima nusu tu, na nusu nyingine umejibebea mwenyewe. Siku ukipata hasara ya 1,000,000, kwa hesabu hiyo unalipwa 500,000, halafu wanakata na kile kiasi cha kwanza ambacho kila mkata bima hubeba mwenyewe. Unaona umeokoa hela ya mchango, yaani ile unayoilipa kampuni ikukatie bima, kumbe umejipunja. Kinyume chake nako ni ujinga: ukiandika milioni kumi hulipwi kumi, unalipwa thamani ya kilichoharibika.

Wakala wa pili nilimuuliza swali moja tu, "Maji unayosema hapa ni maji gani?" Akababaika. Kwenye karatasi yake maji yalikuwa ya bomba lililopasuka na tenki lililofurika. Mto ukipanda, hayamo, mpaka uombe kipengele cha mafuriko na ukilipie. Sasa mtu anayeishi bondeni Mabatini ataogopa bomba gani, ambalo hata maji yenyewe yanatoka kwa msimu? Ila mimi wa juu ya mawe nilikaa nikafikiri upya. Mto haunifikii tena. Ninachoogopa huku ni moto, kwa sababu nyumba zimebanana na gari la zimamoto haliwezi kupanda njia ambayo mbuzi mwenyewe anaisitia. Nikachukua moto na wizi, mafuriko nikayaacha. Jirani yangu wa zamani kule chini akinakili chaguo langu atakuwa amepotea.

Kwenye wizi, someni. Karatasi niliyoletewa inataka dalili za kuvunja: kufuli limekatwa, nondo imepindwa. Nguo zikianuliwa na mtu kwenye kamba uani, hiyo ni sadaka.

Kilichonisumbua zaidi ni kazi yangu. Nashonea sebuleni, nina cherehani mbili na ovaloki. Kijana wa kampuni ya tatu, huyu namsifu, alipoziona tu akasema, "Mama, hizi usizifiche ndani ya bima ya vyombo vya nyumbani. Ni za biashara, watakukatalia siku ya madai." Tukaziandikia kipengele chake, mchango ukapanda. Vitambaa vya wateja vina kiwango chake kidogo cha kulipwa, na sharti lake ni niwe na daftari la kupokelea: jina, mita, tarehe. Nilikuwa napokea kwa mdomo miaka yote hiyo.

Yeye ndiye aliyenionya pia kuhusu pasi. Nikiisahau ikaunguza nyumba, kampuni ya bima ya mwenye nyumba inaweza kumlipa yeye kisha ikanigeukia mimi niirudishie. Nikaongeza kinga ya hasara nitakayowasababishia wengine. Ya vito vya dhahabu niliicheka, hereni zangu ni za bei poa za Makoroboi.

Mengine ni ya kawaida: uliza kama bei waliyokutajia ina VAT ndani, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na hela iingie kwenye kampuni, isipite mfukoni mwa mtu. Kwa mwaka mzima nimelipa chini ya kodi ya mwezi mmoja.

Jana yule kijana kanipigia, anataka picha za namba za mashine. Ovaloki ilikuwa rahisi. Cherehani kubwa nikailaza ubavu, nikamulika kwa tochi ya simu chini ya kitako. Kutu ya maji ya Mirongo imekula namba yote, zimebaki tarakimu nne za mwisho. Nikapiga picha hivyohivyo nikamtumia, na mchanga kidogo ukadondoka sakafuni.