Dodoma–Dar kwa ndege: hiyo saa moja ni ya nani?

Kila nikisema nashuka Dar kufuata vitambaa, wifi yangu hunijibu, "Si upande ndege, saa moja tu umefika?" Wifi anakaa Ukonga, pua na mdomo na uwanja wa ndege, kwa hiyo kwake hesabu ni sahihi. Mimi naenda Kariakoo.

Ukipiga mstari ulionyooka, Dodoma mpaka Dar ni kama kilometa 390. Barabara ya Gairo, Morogoro na Chalinze ni kama 450. Si tofauti ya kutisha. Faida ya ndege ni mwendo, maana basi haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu mwisho 50. Weka na mizani ya Mikese na Vigwaza, weka kuchimba dawa, weka abiria aliyeshuka Kibaigwa kununua kitu na hataki kukimbia. Halafu foleni ya Kibaha. Saa nane zikiisha njiani hakuna anayeshangaa.

Ndege ni saa moja na dakika kidogo. Muda huo wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, unakoma inaposimama upande wa pili. Angani kwenyewe ni pungufu ya hapo. Ila tiketi haihesabu kuwahi, kukaguliwa na kungoja begi. Huku Dodoma sina neno, uwanja uko mjini. Bodaboda kutoka Chang'ombe, hujamaliza kubishana nauli umefika. (Uwanja mpya wa Msalato, kilometa kama 12 kwa barabara ya Arusha, ni habari nyingine.) Kazi iko Dar. Kutoka uwanjani mpaka Kariakoo kwa barabara ya Nyerere, ukishuka jioni, unaweza kuketi kwenye teksi muda uleule uliokaa hewani, na hapo unalipa tena.

Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 ilinivurugia hesabu zote. Inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa, safari ni kama saa tatu na nusu, na stesheni ya Dar iko mjini, Kariakoo ni hapo jirani. Nikijumlisha mlango kwa mlango, ndege inanipita kwa muda mdogo sana, na nauli ya ndege iko juu kama mnavyoijua. Kwa mtu mwenye kikao Posta saa nne anayelipiwa na ofisi, apande tu ndege, simlaumu.

Mimi nina cherehani mbili na mkopo wa kikundi. Nakwenda na treni ya asubuhi nikiwa na mkoba tu, nachagua majora yangu kwa utulivu, nayafungisha. Mzigo naupakia basi la usiku, maana kwenye ndege kilo zikizidi unalipia na faida yote inaishia hapo. Kesho yake naufuata stendi ya Nanenane.