Bahasha ya Nota Kwenda Kidia

Coaster ya Moshi iliondoka stendi ya Arusha saa mbili kasoro. Nilikaa dirishani, bahasha ya kaki mapajani, ndani yake wimbo wangu mpya wa sauti nne na tarumbeta, kurasa 11 za penseli. Naupeleka Kidia, Old Moshi, kwa mwalimu anayeongoza nyimbo zangu tangu nianze kutunga.

Mpaka Usa River ni foleni. Kuanzia Kikatiti njia ikafunguka, mlima umejifunika mawingu, nami nikamkumbuka kama alivyokuwa.

Wimbo wa kwanza nilimpelekea nikitarajia aseme ni mzuri au mbaya. Yeye akauliza. Hapa besi wanapumua au wanaunganisha? Nota hii ya alto umekusudia, au mkono uliteleza? Jioni tatu mfululizo ni maswali tu, mpaka nikaudhika. Jioni ya nne akawaimbisha wanakwaya mbiombio kama wako harusini. Uzalendo ukanishinda.

"Mwalimu, hapana! Huu ni wa msiba!"

Nikagonga mapigo mezani kwa kidole. Akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu, akaandika juu ya ukurasa idadi ya mapigo kwa dakika: 58.

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta," akasema. "Nota umeniletea, mwendo umebaki nao kichwani."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mtunzi wa Urusi Dmitri Shostakovich na kondakta Yevgeny Mravinsky, yule aliyekuja kuongoza okestra kuu ya Leningrad kwa miaka 50. Mwaka 1937, wakiandaa Simfonia Namba 5, utungo mrefu wa okestra wa Shostakovich, Mravinsky alimbana mtunzi kwa maswali ya kila kipande, na Shostakovich mwanzoni hakupendezwa. Alipokosa jibu kuhusu mwendo, Mravinsky alipiga piano kwa mwendo wa makosa, makusudi kabisa. Mtunzi akakasirika, akamsahihisha, mwenzake akaandika. Mwaka 1943 Shostakovich alimtunukia Simfonia Namba 8.

Nilifunga kitabu, nikatoka nje kupunga upepo. Mwalimu wangu hakuwahi kunitajia jina la Mravinsky hata siku moja. Lakini wote wawili walijua kwamba mtunzi ukimwomba maelezo atababaika, na akiona wimbo wake unaharibiwa atasema yote.

Boma Ng'ombe tulishusha abiria na magunia. Moshi mjini nikaunganisha gari la Kiboriloni, kisha bodaboda, tukapanda katikati ya migomba na kahawa, ubaridi ukiingia mikononi.

Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Mikono yake siku hizi inatetemeka, kwa hiyo nilimshikia kurasa. Alisoma kimya, midomo ikicheza, mpaka ukurasa wa nne. Akanionyesha nirudishe wa tatu. Kidole kikatua kwenye besi.

"Hapa umewanyamazisha mapigo mawili. Kwa nini?"

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.