Lancaster, B-17 na B-24: uzito wa mabomu hauelezi kila kitu

Ukiangalia majedwali ya ndege kubwa za mabomu za Vita Kuu ya Pili, Lancaster ya Waingereza inaziacha nyingine mbali. Bila marekebisho yoyote iliweza kubeba kilo 6,350, wakati B-17 ya Wamarekani ikienda Ujerumani mara nyingi ilibeba kilo 2,000 hivi. Ni kweli, lakini anza na chumba cha mabomu. Cha Lancaster kilikuwa na urefu wa mita 10, wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Bomu la kilo 1,800 lililoingia humo kwa urahisi lisingetosha ndani ya B-17, hata kama injini zake zingeweza kulinyanyua. Bomu la Tallboy la kilo 5,400 lilihitaji milango iliyotunishwa tu; kwa bomu la Grand Slam la karibu kilo 10,000, milango iliondolewa kabisa.

Gharama yake waliilipa watu saba waliokuwa ndani. Boriti kuu ya mabawa ilikatiza njia ya katikati, na kuiruka gizani ukiwa umevaa mavazi mazito, huku ndege ikizunguka, si mchezo. Mlango wa dharura wa mbele ulikuwa na upana wa sentimita 56 hivi. Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza ambayo wengi huidharau, iliwapa watu wake nafasi nzuri zaidi ya kutoka salama kwa mwavuli. Tena Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki chini ya tumbo. Wajerumani waliliona pengo hilo: ndege zao za kivita za usiku zilifungwa mizinga iliyoelekezwa juu, zikajipenyeza chini na kulenga matangi ya mafuta mabawani.

B-17G ilikuwa na bunduki 13 za milimita 12.7, na turbochaja (vifaa vya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) zilizoiwezesha kuruka juu kuliko Lancaster. Injini zake zilipozwa kwa hewa, kwa hiyo hazikuwa na bomba la maji la kutobolewa. Injini ya Lancaster, Merlin, ikipoteza maji, rubani huizima upesi au iungue. Lakini bunduki, risasi na wapigaji wake vyote vilikula uzito wa mabomu, na bado havikutosha bila ndege za kusindikiza. Katika shambulio la Schweinfurt, Ujerumani, tarehe 14 Oktoba 1943, zilipotea B-17 60.

B-24, nayo ya Wamarekani, ilifika mbali zaidi kwa bawa lake refu na jembamba, ndiyo maana ilifaa sana kuwinda nyambizi katikati ya Atlantiki. Ikijaa mzigo na kupanda juu sana, usukani ulikuwa mzito na kukaa kwenye msafara kulichosha marubani. Mvuke wa petroli ulijikusanya ndani hadi wahudumu wakaacha milango ya mabomu wazi kidogo ili utoke. Na milango hiyo, myembamba ya kujikunja, ndiyo iliyobomoka kwanza ndege ilipotua baharini: bawa lilikuwa juu, kwa hiyo kiwiliwili ndicho kilichopokea kishindo chote, na mara nyingi kilivunjika vipande.