Yai viza

Leo asubuhi nlikuwa nawakaangia watoto mayai, la tatu nikalipasua kwenye ukingo wa bakuli, viza. Harufu kunipiga puani tu nikaacha kila kitu nikakimbia ukumbini kuangalia soketi. Hakuna kilichochomekwa. Nimesimama pale mikono imejaa ute wa yai, mdogo akaniuliza, "Ma, watafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu.

Ni kile kijigari. Kile chekundu Salim alichonunuliwa na babake Iddi ile, cha betri ya volti 6, kila Jumapili jioni twakibeba mpaka Mama Ngina, kule ufukweni Mombasa, aendeshe na sisi twala mihogo. Tulipohama chaja ikapotea, nikaenda mjini kutafuta ingine, muuzaji akajaribu kichwa cha waya kikaingia sawasawa, nikalipa nikaenda zangu. Mgongoni imeandikwa 12V. Niliiona, wallahi niliiona, lakini nlidhani volti zikiwa nyingi betri itajaa haraka, na mtoto alikuwa amelia siku mbili.

Usiku nikachomeka baada ya isha, pale ukumbini, manake ndo soketi iliyokuwa tupu, karibu na chumba cha watoto. Joto la kaskazi, mlango wao nimeuacha wazi wapate hewa.

Saa sita hivi nikaamka nikasikia harufu ya mayai. Nikamuuliza Baba Salim nani katupa yai kwa pipa, hakuamka, nikaingia jikoni nikafunga mfuko wa taka nikautoa nje, nikanawa mikono nikarudi kulala. Nlipita kando ya kile kijigari kwenda na kurudi. Kitaa cha chaja kilikuwa chekundu na mimi nikaona ni sawa, bado inajaa.

Adhana ya alfajiri ndo iliniamsha tena na harufu imeenea nyumba nzima, yawasha koo. Nikainua kiti cha kijigari nikagusa betri, nikarudisha mkono mbio. Moto. Lile kasha jeusi ambalo siku zote lilikuwa bapa limefura ubavuni kama bunju aliyevuliwa sasa hivi, na ndani kuna kitu chatokota polepole kama maji ya chai kabla hayajachemka. Hatua mbili kutoka pale Salim amelala chali, mdomo wazi, mguu umetoka nje ya neti. Mkono wangu ulishaushika waya pale kwenye betri niuvute. Sijui nini kilinigeuza, nikaenda ukutani kwanza nikazima swichi. Alafu nikafungua madirisha yote nikawatoa watoto nje mmoja mmoja na shuka zao.

Kaka yangu anatengeneza betri za magari, akaja asubuhi akaibeba na glavu. Akanieleza kwamba betri hizi za madini ya risasi na tindikali zikijazwa kupita kiasi maji ya ndani yanageuka gesi, haidrojeni, inayolipuka kwa cheche, na hiyo yenyewe haina harufu, yanayonuka mayai ni salfa ya ile tindikali. "Dadangu, ungeuvuta waya pale kwenye betri ungetoa cheche." Akanyamaza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Tukanunua betri mpya na chaja ya 6V kweli, nikasoma maandishi yote mawili kabla ya kutoa pesa. Sasa tunachaji Jumamosi mchana tu, kibarazani juu ya sakafu, kijigari kikishapoa, masaa 8 mpaka 12 na natoa, usiku haichomekwi kabisa. Salim ameshakuwa mkubwa hakiingii tena, mdogo ndo anaendesha, na kila Ijumaa wananiuliza mbona tusichaji usiku kesho waamkie kuendesha.

Baba Salim habari ya betri anaijua yote. Ya mfuko wa taka sijamwambia mpaka leo.