Palermo, mji ulikoandikwa jina la Mombasa

Watu wetu wakienda Italia wataka Roma na Venezia. Mie nilimwambia mdogo wangu anayeishi Milano likizo hii twende Palermo, kisiwani Sicilia, akaniuliza kule Sicilia kuna nini, nkamwambia kuna mtu alikaa kule zaidi ya miaka mia nane iliyopita akaandika kitabuni jina la mji wetu. Akanitazama tu. Lakini tiketi alikata, tukaenda mwezi wa tisa, siku sita.

Asubuhi ya kwanza tulienda Ballarò. Ni soko la mtaani, limejibana kwenye vichochoro vya mji wa kale, juu kuna maturubai mekundu yaani mpaka samaki na nyanya na nyuso za watu zote zapata wekundu ule, na wauzaji wananadi kwa sauti ya kuvuta kama wanaimba, wenyewe wana neno lao la kunadi huku, waita abbanniari. Nduwaro kakatwa kichwa kikasimamishwa juu ya barafu, upanga wake waelekea angani. Na si Wasicilia peke yao pale, kuna Waghana, Wanaijeria, Wabangladeshi, mihogo na ndizi za kupika utapata, nikasikia watu wazungumza lugha tano kabla sijamaliza kichochoro kimoja.

Sasa pweza. Jamaa mmoja ana sufuria kubwa yafuka moshi, akatia uma akamtoa pweza mzima mwekundu, akambwaga juu ya meza ya marumaru, kisu tap tap tap, kichwa kando, mikia kando, akakamulia limau akatupa kwenye kisahani cha karatasi. Hakuna pilipili, hakuna ukwaju. Tulikula tumesimama, laini mno, mie nlizoea pweza wa kutafuna mpaka taya ziume na nlidhani ndivyo alivyo.

Pia kuna kitu waita panelle. Unga wa dengu wapikwa na maji kama uji mzito, watiwa chumvi na majani ya parsley, watandazwa upoe, halafu wakatwa vipande vyembamba wakaangwa kwenye mafuta, waingizwa kwenye mkate wa ufuta. Nilivyouma tu nkawaza bajia za magharibi za Mwezi wa Ramadhani, ladha ile ile ya dengu. Kwa Waislamu wenzangu, panelle ni unga na maji tu, mkaulize mafuta basi. Cannoli ndiyo mujihadhari, yale maganda kiasili yatengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, mie niliziacha japo zanitamanisha.

Siku ya pili ndiyo nliyoingoja. Kasri la Wanormani, wale Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, liko juu mwisho wa barabara kuu ya kale, leo ndimo bunge la Sicilia linamokaa. Waarabu waliuteka mji huu 831, Wanormani wakauchukua 1072, lakini mfalme wao Roger wa Pili hakuwafukuza wataalamu wa Kiarabu, aliwaweka barazani mwake. Mmoja ndiye al-Idrisi, yule mtu nliyemtaja mwanzo. Roger alimtaka amwandikie dunia nzima ilivyo, basi wakawa wanawahoji wasafiri na mabaharia miaka na miaka, na kitabu kikamalizika 1154. Ndani yake imo pwani ya Zanj, ndivyo Waarabu walivyoita pwani yetu ya Afrika Mashariki, imo Malindi, imo Mombasa, na habari za chuma kinavyochimbwa. Yeye mwenyewe hakufika kwetu, alisikia tu. Na ramani zake kusini iko juu! Nilisimama uani pale kwenye matao nkafikiria kwamba kuna baharia aliyekuja na upepo wa kusi mpaka Arabuni, akahadithia, mwenzake akahadithia, mpaka jina likavuka bahari mbili likaja kuandikwa hapa. Mdogo wangu alinyamaza. Baadaye ndiye aliyekuwa akiwaeleza watalii wengine.

Humo humo kasrini kuna kanisa dogo, Cappella Palatina, lililowekwa wakfu 1140. Kuta ni mozaiki za dhahabu za Kigiriki, picha za vipande vidogo vidogo, halafu inua kichwa, dari ni la mbao, limechongwa mashimo mashimo kama mzinga wa nyuki, kazi ya mafundi wa Kiislamu na maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yamezunguka. Shingo itauma lakini usishushe haraka. Darini kumechorwa wapiga ala, kuna watu wameketi na vikombe mkononi, picha ndogo ndogo mno.

Katedrali nayo iko karibu, mahali palipokuwa msikiti. Kwenye baraza ya kuingilia ya upande wa kusini, nguzo ya kushoto, imechongwa aya ya Qurani, ile ya Suratul Aaraf kuhusu kuumbwa mbingu na ardhi. Watu wapita wanazungumza na simu. Nikaisoma polepole kwa sauti ya chini, niliihifadhi madrasa nikiwa na miaka kumi.

Jioni twakaa nje kama kila mtu. Kuna kitamtam cha tikitimaji waita gelo di mellone, juisi yake yapikwa na wanga na sukari mpaka igande, yatiwa asumini na mdalasini. Asumini kwenye chakula! Ile harufu ya vikuba na harusi ikanijia kwenye kijiko.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa nje kidogo ya mji, ya mama mmoja mtu mzima, ana malimau nyuma na tangi kubwa la saruji la kumwagilia. Nikamuuliza kupitia mdogo wangu hiki mwakiitaje, akasema gebbia. Nikamwambia rudia. Gebbia. Wallahi nlishika kichwa, kwa bibi yangu kulikuwa na jabia hivi hivi nyuma ya nyumba, la maji ya mvua, neno ni moja limetoka kwa Waarabu likaenda huku na likaenda kule, kama zabibu zetu na zibibbo yao. Nikampigia mamangu pale pale. Hakushangaa sana, akaniambia muulize kama nao huweka samaki ndani ili wale viluwiluwi vya mbu, kama bibi yako.

Tukamuuliza. Yule mama akanishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni, akavunja kipande cha mkate akakirusha majini, na kutoka chini kwenye kiza wakapanda samaki watatu wekundu.